Damu Isiyo na Dawa

Mwizi wa dawa, kwa jinsi Inspekta alivyowazoea, huwa na maswali mawili tu: nani kanitaja, na wakili nitampataje. Muuguzi aliyeketishwa mbele yake asubuhi hiyo aliuliza jambo jingine kabisa.

"Fundi ameshakunywa dawa yake leo?"

"Hapa anayeuliza ni mimi, Sista."

"Uliza tu, afande. Lakini saa yake inakaribia. Anatakiwa ameze katikati ya asubuhi, chai imeshashuka na chakula cha mchana bado. Akichanganya na chakula tumeharibu."

Inspekta alivuta kiti, akakaa. Alikuwa mwanamke mnene wa mwendo wa pole, na wenzake kituoni walimwita Mama Taratibu akiwa hayupo, Afande akiwepo. Jina alilijua na hakulichukia. Wenye haraka alikuwa amewaona wengi, wakimfunga asiyehusika na kumwamkia anayehusika.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Fundi, mama mshonaji, alikuwa na saratani ya mapafu. Hospitali ilimweka kwenye vidonge vya kumeza nyumbani, na kwa miezi kadhaa uvimbe ulinywea. Halafu picha za karibuni zikaonyesha umeanza kukua tena. Daktari akapeleka damu maabara ili ajue dawa imefika kiasi gani mwilini, majibu yakarudi: hakuna dawa, hata chembe. Wakati huohuo karatasi za vidonge zilikuwa zikirudishwa hospitali tupu, kila tundu limetobolewa. Aliyevibeba vidonge kutoka stoo hadi nyumbani kwa Fundi ni mtu mmoja, huyu Sista. Mkuu wa stoo hakufikiri mara mbili. Sista anauza vya kweli mitaani, akasema, na mgonjwa anampelekea vidonge vya vitamini. Mchana huo Sista angepelekwa mahakamani, ila kama Inspekta angepata maelezo mengine, na mlango wa kazi ya uuguzi ungefungwa nyuma yake moja kwa moja.

"Vidonge hivi vina ajabu gani hata mtu avitamani?" Inspekta aliuliza.

"Havipigi ovyo kama dawa ya saratani ya dripu. Vinatafuta kile kinachoipa saratani nguvu, vinakizima hicho. Mgonjwa anakaa kwake, anashona, anapika. Lakini kwa kuwa yuko kwake, daktari hamwoni. Mimi ndiye macho yake. Namkagua ngozi, kucha, midomo, namuuliza choo."

"Kila ukienda unamuuliza mtu mzima choo?"

"Kila nikienda. Siku hizi ananisimulia mwenyewe, hata sijavua viatu."

Inspekta alitaka kucheka, akajizuia. Kucheka na mtuhumiwa ni sawa na kula kwake. Baadaye utamwonea haya.

"Na dawa ilimfanyaje?"

"Mwanzo ilimchafua uso. Vipele toka paji la uso hadi kidevuni, na vidole vikapasuka pembeni mwa kucha hata sindano hashiki. Dawa hii ndivyo ilivyo. Ikifanya kazi ndani, ngozi inalalamika nje. Nikampa mafuta ya uso. Ya vidole nilikosa, stoo yalikuwa yamekwisha." Hapo Sista alitabasamu, ile tabasamu ya mtu anayetaja kazi ya mikono yake. "Lakini ya uso yamemsaidia mno. Siku hizi uso wake laini, afande, utadhani bibi harusi."

Inspekta aliyaweka maneno hayo pembeni. Alinyanyuka, na Sista akamfuata kwa macho yaliyokosa usingizi.

"Mimi mnifanye mtakavyo," alisema. "Lakini kuna wagonjwa wananisubiri mlangoni. Nani atakwenda kwao?"

Inspekta alichukua kofia yake.

*

Nyumba ya Fundi ilikuwa ya vyumba vitatu, na cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda. Cherehani ilikaa chini ya dirisha, meza ya kukatia katikati, na ukutani magauni ya watu yalining'inia yakisubiri wenyewe. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu, mkavu wa sura, aliyevaa glavu mkono mmoja na kushika nyingine.

"Wewe nani wa mgonjwa?"

"Wifi yake. Dada wa mumewe. Na kama umekuja kushonesha, zamu ni ndefu."

Inspekta alionyesha kitambulisho, akasema hospitali imemtuma atazame dawa inavyotunzwa. Ilikuwa nusu ya ukweli. Habari za Sista kukamatwa hakuzitaja, na aliona wazi kwamba nyumba ile haikuzijua, kwani Wifi alianza papo hapo kunung'unika kwamba Sista juzi hakutokea, na si kawaida yake.

"Basi tazama," alisema Wifi, akavaa glavu ya pili. "Sista alinifundisha: usikiguse kwa mkono mtupu, usikivunje, usikisage. Dawa kali hii. Mimi naitoa kama natoa yai chini ya kuku."

Fundi alitoka chumbani akijifunga kitambaa kichwani. Mwanamke wa makamo, mwembamba kwa ugonjwa, lakini uso ulikuwa kweli kama ulivyosifiwa, laini bila doa. Alimkaribisha mgeni, akamwuliza habari za nyumbani, na Wifi akatoboa karatasi, kidonge kikadondoka kwenye kikombe kidogo. Fundi alikimimina mdomoni. Akanywa glasi nzima ya maji, koo likipanda na kushuka.

"Kimeshuka," alisema. Kisha akamtazama Inspekta miguuni. "Samahani, afande. Hiyo suruali yako kakushonea nani?"

"Tumegawiwa kazini."

"Aliyeishona ana kesi ya kujibu. Mshono wa pembeni umekwenda kuzurura mpaka mbele. Ungemkamata huyo kwanza."

Wifi alicheka, Inspekta naye akacheka, na Fundi akachukua shati la kiume alilokuwa analimalizia, akaenda nalo dirishani kutafuta mwanga, akawapa mgongo. Shati lilikuwa jeupe, lenye kola iliyokaa vizuri kuliko za dukani.

Inspekta alimfuata Wifi jikoni. Kwa maneno ya wapelelezi wa siku nyingi, kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa na vidonge mkononi kila siku ni huyu mwenye glavu.

"Ukivitoa, huwa peke yako?"

"Huwa na yeye. Umeona."

"Kuna kitu kingine unampa? Dawa za miti, chai za majani?"

Wifi alisita. Inspekta alikiona kile kusita, na moyo ukamdunda kidogo, kama unavyomdunda mvuvi kamba inapovutwa.

"Sema, mama."

"Alikuwa analalamika kiungulia. Nikamnunulia dawa ya kiungulia pale dukani. Za kutafuna. Sikumwambia Sista, maana Sista ana maneno."

Inspekta alitoka nje, nyuma ya nyumba, akampigia simu mfamasia wa hospitali. Alieleza haraka, akiwa karibu kuiona kesi imekwisha. Je, dawa ya kiungulia inaweza kuzuia vidonge hivi visiingie kwenye damu?

"Inaweza kupunguza," alisema mfamasia. "Na kumpa bila kutuambia ni kosa, mwambie aache. Lakini inapunguza tu, afande. Haifuti. Damu ile haikuwa na kitu kabisa."

Basi kamba ilikuwa imenasa jiwe. Inspekta alirudi jikoni akiwa na sauti kavu zaidi.

"Unampenda wifi yako?"

Wifi alivua glavu moja moja, polepole, akazitupa. "Afande, nikimwua huyu, kaka yangu akija nitamwambia nini?"

"Kaka yako anakuja?"

"Mwezi ujao. Miaka yote hii yuko ng'ambo, makaratasi yake hayakukaa sawa, akitoka huko harudi tena kazini. Sasa yamenyooka, amepewa likizo. Hayawi hayawi, yamekuwa." Sauti yake ililegea. "Hujaona lile shati? Anamshonea yeye. Ameanza tangu siku alipoambiwa tarehe. Vidole vilikuwa vimepasuka, hakuwa na uwezo wa kushika sindano, lakini tangu siku ile, shona shona."

"Vidole vimepona?"

"Vizima kama vya mtoto."

"Kwa mafuta gani?"

"Mafuta ya vidole hakupata. Vimepona vyenyewe."

Inspekta alipiga hesabu. Uso ungeweza kuponywa na mafuta ya Sista, lakini vidole havikupakwa chochote. Vikiwa vimepona vyote pamoja, maana yake ni moja, dawa ilikuwa imekatika mwilini siku nyingi. Lakini ugunduzi huo haukumsaidia Sista. Mtu anayepelekewa vitamini naye ngozi yake hupona. Mkuu wa stoo angesikia habari za vidole hivyo angepiga makofi.

"Hiyo habari ya tarehe," alisema taratibu, "aliipataje?"

"Kwa simu. Wanaongea kwa video kila siku. Yaani siku hizi ndiyo wanaongea. Alipokuwa na vile vipele alikuwa anaielekeza simu juu. Kaka yangu miezi mizima alikuwa akiongea na feni. Anasema, mke wangu, feni yenu imeanza kutu." Wifi alicheka, akajifuta jicho kwa kiwiko. "Sasa hivi anaiegemeza kwenye cherehani, wanatazamana mpaka mimi natoka nje kwa haya."

"Alianza kuonyesha uso kabla ya tarehe au baada?"

"Baada. Wiki chache baada."

Inspekta alirudi chumba cha mbele bila kuongeza neno.

Fundi alikuwa bado dirishani. Alikuwa amebana pini mdomoni, safu nzima kwenye kona ya midomo, na huku akichomoa moja moja kuzichoma kwenye pindo la shati, alikuwa akimweleza Inspekta habari za mteja aliyenenepa baada ya vipimo na kumlaumu fundi. Alisimulia vizuri, kwa matamshi safi, hata kicheko hakikukwama. Inspekta alimsikiliza hadi mwisho wa kisa. Ilimjia kwamba mtu aliyefanya kazi hiyo tangu ujana anaweza kuficha mdomoni kitu chochote chembamba, akanywa maji juu yake, akakutania suruali yako.

Upepo uliingia. Dirisha lilikuwa na mapazia mawili, kitambaa kimoja, mshono mmoja. La kushoto lilipaa hadi kwenye meza. La kulia, lililokuwa karibu na mkono wa Fundi, halikutikisika.

Inspekta alitembea hadi pale kwa mwendo wake uleule. Aliinama, akaushika upindo wa chini wa lile pazia zito na kuubinya kwa vidole. Ndani yake mlikuwa na punje ngumu, nyingi, zikifuatana kama maharage kwenye ganda.

Fundi aliacha kusimulia. Alizitoa pini mdomoni zote kwa pamoja, akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Mapazia huwekwa uzito," alisema. "Yasipepee."

"Najua. Mbona umeweka moja tu?"

Inspekta alivuta uzi uliolegezwa pembeni, mahali pa kupitishia kidole, na kidonge kimoja kikaanguka kiganjani. Kilikuwa bado na unyevu. Kingine kilikuwa kikavu, rangi imefifia upande mmoja, kama peremende iliyolambwa ikaachwa. Alikiweka kando ya karatasi ya leo mezani. Herufi zilizochongwa juu yake zilikuwa zilezile za vidonge vilivyobaki ndani ya karatasi.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. "Yaani mimi," alisema, na sauti ikamkatika, akaanza upya, "yaani mimi navaa glavu kila siku kwa ajili ya pazia?"

"Wifi, nisamehe."

"Usiniombe msamaha! Unataka kufa, na mimi ndiye ninayekuletea maji ya kusindikizia!"

"Kaa, mama," Inspekta alimwambia Fundi, akamvutia kiti cha cherehani. "Nikwambie kitu. Sista hakuja juzi kwa sababu yuko kituoni kwetu. Anashtakiwa kwamba ameviiba vidonge hivi na kukuletea vya uongo. Mchana huu anakwenda mahakamani."

Alikuwa ameliweka jambo hilo akiba tangu mlangoni, na sasa alipolitoa aliona lilivyopiga. Fundi alishika ukingo wa meza. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile maneno yake hayakuwa safi.

"Sista? Yule mtoto? Hana kosa lolote, afande, hana. Niandike mimi. Niandike sasa hivi."

"Nitakuandika. Nieleze kwanza."

Fundi alitazama lile shati. "Mume wangu anakuja, anakaa mwezi, anarudi tena. Miaka yote hii anaishi na picha yangu moja, ameibandika kitandani kwake. Kila akinionyesha chumba chake naiona iko pale. Nikajitazama kwenye kioo na vile vipele, vimetoa usaha, kope zimevimba. Nikasema, huyu mtu amesubiri uso ule, mimi nitampelekea huu? Kifua changu hakioni. Uso anauona." Alivuta pumzi, kifua kikakoroma. "Nilitaka nifanane na picha. Mwezi mmoja tu. Akishaondoka ningemeza vyote, hata viwili viwili. Ndiyo maana sikuvitupa. Ningewezaje kuvitupa? Kuna watu wanavililia."

Inspekta alimtamani ghafla mume wake mwenyewe, aliyelala kaburini muda mrefu, na akaona afadhali achukue kalamu.

*

Sista aliachiwa kabla ya mchana. Alipewa mkoba wake na simu yake, akaambiwa anaweza kwenda nyumbani kulala. Hakwenda. Inspekta alimpandisha kwenye gari la kituo na kumrudisha kwa Fundi, maana ndiko alikoomba.

Aliingia, akasimama mbele ya mgonjwa wake, na watu wote walisubiri ahamaki. Badala yake alimshika mkono, akageuza vidole vile vizima kwenye mwanga, akaanza kulia.

"Vidole sikuvipa mafuta, na sikujiuliza. Uso nilidhani ni mafuta yangu," alisema. "Nikajisifu nayo mpaka kituoni. Mama, nakuuliza choo, nakuuliza kucha, nakuuliza umelalaje. Sikukuuliza hata siku moja unamsubiri nani."

"Nilikuwa nakudanganya, mwanangu. Na umelala ndani kwa ajili yangu."

"Nimeshatoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama, na wewe hakijakuumbua bado." Alijifuta uso, akavuta kigoda, na sauti ikawa ya kazi. "Uvimbe umekua, lakini kidogo. Nimeongea na daktari njiani. Ukianza leo, anaamini dawa itaushika tena. Haniahidi. Anaamini."

"Na vipele?"

"Vitarudi. Safari hii tutaviwahi, nina mafuta, nina na vidonge vya kuvituliza, na vikizidi daktari atapunguza dozi yeye mwenyewe, si wewe. Havitakuwa kama mwanzo. Lakini uso wa leo mumeo hatautakuta."

Fundi alitazama chini. Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira. "Nikianza siku atakayofika? Atakuwa ameshaniona."

Sista alisema kwa upole, bila kukwepa. "Tukingoja mpaka hapo, sina uhakika kama atakukuta umekaa au umelala. Saratani hii hupenda kupanda kichwani, na akikukuta umelala, sina uhakika kama utamjua."

Inspekta alikuwa amemaliza kazi yake, maelezo yalikuwa yametiwa sahihi, gari lilikuwa likimsubiri, na bado alibaki mlangoni akiwa ameshika kofia.

Fundi alichukua simu, akaiegemeza kwenye cherehani, akapiga. Ilichukua muda. Kisha uso wa mwanamume mwenye mvi ukajaa kwenye kioo, nyuma yake ukuta mtupu na kona ya kitanda.

"Mke wangu! Saa hizi? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Unaniona vizuri?"

"Nakuona."

"Sogea karibu na mwanga. Nitazame leo ushibe." Alivua kitambaa cha kichwa, akanyanyua kidevu, akakaa kimya mbele ya ile simu kama mtu anayepigwa picha. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Umeshiba?"

"Sishibi mimi. Unanitia wasiwasi. Kuna nini?"

"Kuna dawa natakiwa nimeze, na nimekuwa siimezi. Nikiimeza, uso huu unaondoka. Ukija utakuta vipele, macho yamevimba. Hutaona ule wa kwenye picha. Nilitaka nikutunzie, nimeshindwa."

Mwanamume yule alifunika mdomo kwa mkono, wakaona mabega yake yakitikisika.

"Wewe mwenyewe utakuwepo?" aliuliza hatimaye.

Fundi alimgeukia Sista. Sista aliitikia kwa kichwa, mara moja, kwa shida.

"Nitakuwepo."

"Basi meza," alisema mumewe. "Meza nikikuona."

Wifi alikwenda kuvaa glavu.